Historia ya Mjukuu Wetu Aliyesema Mstari Unarudi

Nilisema tangu juzi kwamba nyumba hii imejaa wasomi, atafutwe mwingine, mimi niliishia darasa la pili na hata miwani hii ni ya kuazima, wakang'ang'ania, bibi soma wewe, wewe hutalia, basi nyamazeni niwasomee, na wale wa nyuma waache kunong'ona.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1986, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii, akiwa mtoto wa tatu wa mwanangu wa kwanza, akaanza shule ya msingi mwaka 1993, akiuliza maswali mpaka tukamwita Kwanini, akahitimu shahada ya uzamili ya fizikia mwaka 2012, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika maabara ya sumaku, ghorofa ya chini, chumba kisicho na dirisha.

Kazi yake alinieleza jikoni nikichambua maharage, kwamba kioo hupakwa utando wa metali mwembamba kuliko ukungu wa pumzi, na ndani yake mna visumaku visivyohesabika, vingine vimeelekea juu, vingine chini, na vinapokutana hutokea mpaka, ambao kwenye darubini huonekana kama mstari, nao hunasa kwenye kasoro za utando, ukiusukuma kidogo kwa sumaku unatoa tumbo kama mpira uliovutwa, ukiuachia unarudi pale pale, nikamuuliza, na mshahara wanakupa kwa hilo, akacheka mpaka akakaa chini.

Tarehe 5 Desemba 2015 alifunga ndoa na fundi umeme, huyu aliyempakata mtoto, na mwaka 2018 wakajaliwa binti huyo mmoja.

Februari 2022 mkuu wa maabara alishuka kukagua picha zake za mstari unaorudi, na kila alipoinamia darubini, mstari ulikuwa umehama na haukurudi, akamwambia mbele ya wenzake, dada, picha zako umezitunga, akamwondoa kwenye darubini, akampeleka stoo kupanga vioo.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, akawa analala kwangu, akiutega mpira wa nywele wa binti yake kwenye vidole viwili, anausukuma, anauachia, anauliza, bibi, umerudi, nami najibu, umerudi, lala, naye anasema, labda niliona nilichotaka kuona, na hata alipopitiwa na usingizi kidole kiliendelea kusukuma, na mpaka leo nikipita mlango wa chumba alicholala nasikia swali lile, najibu, jirani ananitazama.

Alifariki tarehe 9 Juni 2024, hospitalini, mumewe akiwa amemshika mguu.

Kesho yake mkuu alishuka kumwonyesha mfanyakazi mpya jinsi marehemu alivyodanganya, na fundi wa maabara, akitazama kwenye skrini, akaona mstari unahama kila mkuu anapoinama, akasema, mzee, hebu toa simu mfukoni, ikatolewa mfukoni mwa shati, kumbe kasha lake lina kifungo cha sumaku, ikapelekwa nje, wakausukuma mstari upya, ukarudi pale pale, wakarudia, ukarudi tena.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotubebea maji na viti, wafanyakazi wenzake, wakiwemo wale walionyamaza siku ile, na fundi wa maabara, ambaye hakunyamaza.

Mkuu naye alikuja jana, akataka tuzungumze faraghani, nikamwambia, baba, ulimwita mwongo hadharani, faraghani unatafuta nini, basi asubuhi hii, akiwa amekwisha kuvuliwa ukuu, mmemwona wenyewe akisimama kando ya jeneza, akasema, hakudanganya, nilikosea mimi, nikamwambia arudie wa nyuma wasikie, akarudia, kisha akamwomba marehemu msamaha kwa jina, akabaki amesimama kama mtu anayengoja kujibiwa, akangoja, watu wakaanza kutazamana, mpaka mume wa marehemu alipomshika mkono kumwondoa, naye akawa bado anageuka nyuma.

Pumzika, mama, hakuna wa kukubishia tena, na huyo mwache angoje.