Turuhusiwe Kuvuka Daraja: Risala ya Wanafunzi wa Uuguzi wa Chuo cha Jamii cha Harlow

Mgeni rasmi, Bi. Corinne Applegate, Mjumbe wa Bodi ya Wauguzi ya Jimbo. Mkuu wa Chuo, Dk. Stidham, mwalimu wetu, Bi. Imogene Hatmaker, wazazi na majirani mliofunga maduka mchana huu mje kutusikiliza:

KARIBU HARLOW

Mama, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua umesafiri tangu asubuhi, na dereva wako ametunong'oneza kwamba kwenye kona za Mlima Garrard ulimwomba asimame upate hewa. Usione haya. Hata sisi tuliozaliwa hapa huwa tunasimama.

Chakula kipo tayari: maharage, mkate wa mahindi na keki ya tufaha. Lakini utakula baada ya risala, si kabla. Kwa desturi ya milima hii, kumweka mgeni na njaa ni utovu wa adabu, na mama zetu waliokaa nyuma wamekwisha kutukodolea macho. Sababu tutaieleza, nawe utatusamehe.

TULIVYOKICHAGUA CHUO HIKI

Watu wa mjini hutuuliza kwa nini tulichagua chuo kidogo namna hii, chenye maabara iliyokuwa karakana ya mabasi ya shule. Vyuo vingine vipo. Kipo chuo kikuu cha miaka minne, na kwenda huko ni kuwaacha watoto kwa bibi zao na kuwaacha baba zetu na mitungi yao ya oksijeni, maana mapafu yao yalibaki mgodini. Kipo pia chuo cha binafsi kinachojitangaza redioni kila siku, ambacho mwenzetu mmoja alikijaribu akarudi hana cheti wala akiba.

Hapa ni miaka miwili, tunalala kwetu, na yupo Bi. Hatmaker. Huyu mama alikuwa mkunga hapa, naye ndiye mtu wa kwanza kutushika duniani, karibu nusu yetu tulio hapa. Mimi ninayesoma, Delmer Fugate, nilifanya kazi ya makaa ya mawe mpaka mgodi ulipofungwa. Niliposema nataka uuguzi, mke wangu alinicheka mbele ya mwalimu. "Delmer, wewe ukiona damu ya kuku tu unakaa chini." Bi. Hatmaker akamjibu, "Mwache akae. Akichoka kukaa atainuka." Ndivyo ilivyokuwa, ingawa nilikaa mara nyingi.

Tena tulichagua hapa kwa sababu tunataka kubaki hapa. Wanaosomea mjini hawarudi. Hatuwalaumu, ila wagonjwa wetu hawawezi kuwafuata huko.

TUNAYOJIVUNIA

Darasa lililotutangulia lilifaulu lote mtihani wa leseni. Ukiingia leo kwenye nyumba ya wazee ya Harlow au zahanati ya kule juu bondeni, muuguzi atakayekupokea ametoka hapa, na huenda akajua jina la babu yako. Sisi wenyewe tumekwisha kufanya mazoezi katika wodi zote ambazo wilaya yetu bado inazo. Tunaipenda kazi hii, mama. Tunaliweka wazi hilo kwa sababu yanayofuata yanaweza kukufanya udhani tumechoka nayo.

MLIMA

Hospitali yetu ilifunga wodi ya wazazi. Kanuni ya Bodi inasema hakuna anayepata leseni bila kufanya mazoezi katika wodi ya wazazi iliyo ndani ya jimbo. Iliyo karibu kuliko zote iko upande wa pili wa Mlima Garrard, mwendo wa saa mbili kiangazi, na wakati wa barafu hakuna ajuaye. Lakini ukisimama mlangoni hapa unaona daraja, na ng'ambo ya daraja, katika jimbo jirani, ipo hospitali yenye wodi nzuri ambayo imekubali kutupokea. Watoto wote wa Harlow sasa wanazaliwa huko. Mama zao wanavuka. Sisi hatuna ruhusa.

Chuo kiliomba tuvuke. Bodi ikatuma wakaguzi, Oktoba iliyopita. Tuliwapikia, kama kawaida. Wakiwa mezani, mkaguzi mmoja akauliza kama barabara ya mlimani inatutaabisha. Kwetu mgeni haelezwi shida akiwa na sahani mkononi. Ukifanya hivyo ni kama unamdai malipo ya chakula. Basi Twila Ramey, kiranja wetu, akajibu kwa niaba yetu sote: "Tuko salama, mama. Barabara yetu tumeizoea. Hebu nikuongeze maharage." Tukacheka, mkaguzi akacheka. Alikuwa ametuuliza kwa nia njema, nasi tukamjibu kwa adabu. Bodi ikaandika kwamba wanafunzi hawana malalamiko, na ombi likakataliwa.

Twila alikuwa mwepesi wa mdomo na mwepesi wa kusaidia. Ndiye aliyekuwa akituamsha kwa simu siku za zamu, akiimba vibaya makusudi ili tukasirike tuamke. Mwezi wa pili alimaliza zamu ya mchana kutwa katika ile wodi ya ng'ambo ya mlima. Kabla ya kuwasha gari alimpigia mama yake. "Mama, leo nimempokea mtoto kwa mikono yangu mwenyewe. Wa kiume, ana kelele huyo! Kuleni tu, msinisubiri."

Walikula. Gari lilionekana asubuhi, chini ya kona ya tatu.

Tulimzika kukiwa na theluji. Majirani walileta vyakula hadi meza ikajaa, na hatukuweza kula. Tunasikitika mpaka leo, na hatujui huzuni hii tuiweke wapi, kwa sababu wiki iliyofuata zamu yetu ya mlimani ilikuwa palepale, tukaenda. Tulipita kona ileile.

Sasa umejua kwa nini sahani yako iko tupu. Safari hii tulitaka kusema kwanza.

TUNAYOOMBA

La kwanza ni la Bodi. Tunaomba wanafunzi wa Harlow waruhusiwe kufanya mazoezi ya wodi ya wazazi ng'ambo ya daraja. Tunajua kila jimbo lina sheria zake na kwamba si wewe uliyezitunga. Tunaomba tu unyooshe mkono siku ombi letu litakaporudi kupigiwa kura, na usimulie ulivyoiona barabara.

La pili ni lako mwenyewe. Twila ana mdogo wake, Janelle. Amepata nafasi katika darasa la Septemba, na jibu lake linatakiwa Jumatatu. Wiki iliyopita mama yao, Bi. Lottie Ramey, alikuja darasani, akakataa kiti, akasema, "Wanangu, nyinyi mnaijua hii kazi. Mwambieni akatafute nyingine. Mmoja nimeshatoa."

Tulikaa na Janelle tukamweleza yote, hata yale ambayo mama yake hayajui. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mkisema niache, na kila anayenifuata mkimwambia aache, huyo atakayewauguza mama zenu ni nani?"

Tukimwambia njoo, tunampeleka kwenye kona ile. Tukimwambia acha, tunalifunga darasa hili kwa mikono yetu wenyewe, maana wengine wanamtazama yeye.

Wote wawili wamo humu, safu ya mbele, kulia kwako. Yule mwenye koti la buluu ndiye Bi. Lottie. Tunakuomba, mama, ukishuka jukwaani, uende kwao kwanza, umwambie Janelle ni njia ipi atakayopita. Bi. Lottie ametuahidi kuwa neno lako atalipokea, lolote liwalo, lakini anataka kulisikia ukimtazama usoni.

Mungu akujalie hekima katika kura yako, na akurudishe kwa wanao salama, kwa barabara hiyohiyo.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Uuguzi, Mwaka wa Pili,
Chuo cha Jamii cha Harlow.