Kapita wa Pamba Aliyeacha Tumbako

Leo, tarehe 30 Agosti 1958, Mzee Norbert Wilondja anarudisha funguo za hangari, yaani ghala la pamba, baada ya miaka ishirini na saba katika kiwanda chetu cha pamba hapa Baraka. Aliingia kijana wa kubeba vikapu, akawa fundi wa kufunga marobota, mwishowe kapita, msimamizi wa hangari nzima. Sote tuliofanya naye kazi tumewahi kukemewa naye, tena kwa haki.

Lakini tuseme kweli: kazi yake kubwa kuliko zote ni kuacha tumbako.

Zamani, kumwona bila kiko mdomoni ilikuwa kama kumwona bila pua. Sheria ilimtaka akiache langoni kwa Jacques, mlinzi wetu, maana cheche moja inatosha kuteketeza hangari. Naye alikiacha, baadhi ya siku. Kiangazi cha 1952 alisikia mkubwa wa kiwanda anakuja, akakitumbukiza kiko mfukoni mwa koti na kulitupia koti juu ya robota. Alidhani kimezimika. Kidogo tu, harufu ya kuungua! Mfuko umetoboka, na robota linafuka moshi.

Mzee hakukimbia. Alilisukuma robota lile peke yake, akilipindua na kulipindua, mpaka ziwani, hapo chini ya kiwanda. Likaelea zake likifuka, wavuvi wa kijiji cha Lweba wakaduwaa ndani ya mitumbwi yao. Kicheko kilikuja baadaye. Siku ile hakuna aliyecheka, maana mle hangarini mlikuwa na jasho la mwaka mzima la vijiji vyote. Mkubwa akamwambia achague, kazi au kiko.

Jioni ile alimkabidhi Jacques kiko, akamwomba akitundike kwenye msumari na asimpe tena mpaka siku atakapostaafu, hata akilia.

Na karibu alie. Jamani, miezi ile! Usingizi aliukosa, akatugombeza hata kwa kupiga chafya. Alitafuna miwa, akatafuna vijiti, akatafuna ukingo wa kofia yake. Nyumbani, anasema mkewe Mama Pulchérie, hakugomba. Aliketi tu akiangalia moshi wa jiko, na hilo lilimtisha zaidi. Kuna siku alisimama langoni akibembeleza: "Jacques, unipe nivute kidogo tu, bwana." Jacques, mdogo kwake kwa umri, alimgeuzia mgongo. Kesho yake Mzee akaja kumshukuru.

Taabu yenyewe ilifika siku za mizani. Mnajua desturi ya wakulima wetu: pamba haipandi mizani kabla kapita hajapokea jani la tumbako, ndiyo salamu. Alipolikataa, wakaona amewachukia. Mama Florentine wa Lubondja akajitwika kikapu chake: "Huyu muzee anatukataa! Mi narudia na pamba yangu!" Wengine wakamfuata. Kupokea jani moja tu kungemaliza maneno yote, lakini Mzee alijijua: jani likikaa mkononi, litafika mdomoni. Akapanda baiskeli mpaka Lubondja, akaketi uani kwa yule mama, akamweleza yote, hata aibu ya koti. Mama Florentine akarudi na pamba, na juu yake karanga za kukaanga. Tangu hapo salamu ya mizani ni karanga, na hangari nzima imenenepa.

Ahadi yake na Jacques ilifika mwisho jana jioni. Sote tulijua. Mama Pulchérie alikuja langoni, akajifanya amemfuata mumewe tu. Jacques akakitoa kiko kwenye msumari, akakifuta vumbi, akampa. Mzee akakigeuzageuza, akakinusa. Kisha akakitia mfukoni mwa koti lile lile, ambalo mkewe alikataa katakata kulitia kiraka. Kiko kikapita kwenye tundu, kikaanguka chini, ko!

Alikisikia. Akamshika mkewe mkono, wakaenda zao nyumbani.

Mzee Norbert, asante kwa makemeo yako, na kwa pamba ya watu uliyoilinda, hata dhidi yako mwenyewe. Uzee wako uwe wa usingizi mtamu na karanga tele, na koti lako lisipate kiraka kamwe. Jacques amekirudisha kiko msumarini. Hicho usijisumbue kukiulizia, ila sisi upite kutusalimia.