Hesbon Wasike Walubengo, Aliyelitunza Jina la Ndugu Yake

Wasifu huu unasomwa na dada yake mkubwa, Lenah, kwa niaba ya mji wa marehemu Mzee Joab Walubengo. Mama ameomba usifichwe kitu, na sisi tumemtii.

Hesbon alizaliwa tarehe 9 Februari 1986 hapa Bumula, mtoto wa pili wa Mzee Walubengo na Mama Selina Nabwile. Alitanguliwa na Lenah, akafuatwa na Jentrix, kisha Levi, kitinda mimba. Levi alipozaliwa mwaka 1993 Hesbon alikuwa na miaka saba, na mama alipoenda shambani ndiye aliyeachiwa mtoto. Majirani wa siku hizo wanakumbuka jinsi alivyombeba mgongoni mpaka Shule ya Msingi ya Nasimbo, akamkalisha chini ya dirisha la darasa na kumpa muwa atulie. Mwalimu akiuliza ni nani anayelia huko nje, Hesbon alikuwa akijibu, "Ni wetu, mwalimu."

Alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2000 na wa kidato cha nne mwaka 2004. Akajiunga na chuo cha ualimu Eregi, akahitimu mwaka 2008. Aliajiriwa mwaka 2011 na kufundisha Kiswahili katika shule mbili za hapa Bumula, kisha Januari 2018 akahamishiwa Kitale, ambako alifundisha hadi ugonjwa ulipomzuia. Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Nukta, kwa sababu hakusahihisha insha isiyo na nukta. Aliirudisha na kusema, "Hii bado inatembea. Ikifika, niletee."

Tarehe 13 Desemba 2014 alifunga ndoa na Jepkorir, binti wa Mzee Kibiwott wa Endebess, katika Kanisa la Friends. Shemeji zetu walishuka kutoka mlimani na maziwa mgando ya mursik, sisi tukawachinjia kuku, na siku hiyo mvua ilinyesha mpaka wazee wa pande zote mbili wakalala katika chumba kimoja. Mungu aliwajalia watoto wawili, Joy na Kibiwott.

Sasa tunafika mahali pagumu.

Jumatano tarehe 17 Agosti 2016, Levi, aliyekuwa mwendesha bodaboda mjini Bungoma, alipata ajali karibu na Kanduyi akafariki papo hapo. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Tulimzika hapa tarehe 27, hatua chache kutoka hapa tuliposimama. Simu yake ililetwa nyumbani ikiwa imepasuka kioo lakini bado inawaka. Hesbon aliiweka mfukoni.

Wengi wenu hamjui kwamba Levi alikuwa na mchezo aliocheza kwenye simu na watu wa mbali. Ni nchi ya kuigiza. Mtu anaingia kwa jina lake, anajenga nyumba, analima, anapigana na majambazi, anapata marafiki. Na nchi hiyo huisha. Kila baada ya miezi tisa au kumi maji hupanda kutoka baharini na kufunika kila kitu, mashamba, nyumba na watu. Baada ya siku mbili inaanza nchi mpya, na kila mtu anaanza bila kitu. Hata jina halibaki. Mwenyewe asiporudi kulichukua ndani ya siku saba, linafutwa. Levi alikuwa mlinzi wa daraja la nchi hiyo, na wenzake kumi na wawili, wa Kitale, Nakuru, Eldoret na mmoja aliyekuwa kazini Qatar, walimtegemea. Hawakuwa wamewahi kuonana uso kwa uso.

Alasiri ya mazishi, waombolezaji wakiwa bado wanakula, simu ile ililia mfukoni mwa Hesbon. Ujumbe ulisema, "Levi uko wapi? Tunakungoja kwa daraja." Hesbon alituambia baadaye kwamba alitaka kuandika kuwa Levi amekufa. Vidole vyake viliandika, "Nakuja."

Tangu siku hiyo alikuwa Levi. Alijifunza kulinda daraja. Alicheka vicheko vya Levi kwa maandishi, akaitika salamu za Levi. Alikusudia kumaliza mchezo maji yatakapopanda, ndugu yake azame na ile nchi iishe hapo. Maji yalipanda mwezi wa Februari 2017. Nchi mpya ilipofunguliwa alikaa siku sita bila kugusa simu. Siku ya saba, wakati wa mapumziko ya saa nne, aliingia katika ofisi ya walimu akaandika jina la Levi. Ndivyo alivyofanya mwisho wa kila nchi. Zilikuwa nchi kumi na moja.

Mama alimfumania mapema. Alimkuta ameketi nyuma ya jiko, anatabasamu na simu, akamuuliza anaongea na nani. Hesbon hakuweza kumdanganya mama. Alimwonyesha kijana mdogo amesimama darajani na mkuki, jina la Levi juu ya kichwa. Mama alivuta kigoda akaketi. Baada ya hapo, kila Hesbon alipokuja nyumbani, mama aliuliza, "Levi anaendeleaje?" naye alijibu, "Mzima, mama. Amevuna." Sisi mabinti tulisikia. Tulidhani ni huzuni, na kwamba itapita.

Haikupita. Mwaka 2019 Jepkorir alipojifungua mtoto wa kiume, wazee walisema apewe jina la Levi, kama ilivyo desturi yetu kumrithisha mtoto jina la aliyekufa. Hesbon alikataa. Mama pia alikataa. Jepkorir aliuliza mbele ya wote, "Kwani Levi si alizikwa?" Mtoto akaitwa Kibiwott, kwa jina la baba yake Jepkorir. Siku iliyofuata mume wake alimweleza yote. Jepkorir anasema hakukasirika. Aliogopa tu, kwa sababu alipomtazama akicheza aliona mabega yake yanashuka upande mmoja, kama ya Levi akiwa juu ya pikipiki.

Kule Kibomet, Kitale, walikokuwa wakiishi, mtaa wa pili kulikuwa na duka la kutengeneza simu la Bwana Kagwe, ambaye yuko nasi hapa leo. Kagwe alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili. Hesbon alipogundua hilo alienda dukani mara mbili, akajifanya anataka chaja. Mara ya pili alimsikia Kagwe akimwambia mteja mwingine, "Levi wetu leo amechelewa, bana." Hesbon alitoka bila chaja, akakaa miaka mitatu bila kupita njia hiyo.

Mwaka 2022 madaktari waligundua kwamba figo zake zimeharibika. Alianza kusafishwa damu Jumanne na Ijumaa, katika hospitali moja mjini Kitale. Alikuwa mgonjwa mpole. Alisahihisha vitabu vya wanafunzi akiwa amefungwa kwenye mashine, kwa mkono wa kushoto. Mwaka huu hali ilipozidi na kulazwa, alimwambia Jepkorir kwamba hofu yake si kufa. "Nikienda, Levi atasimama pale darajani peke yake. Watamwita na hataitika. Watajua niliwadanganya."

Jumamosi tarehe 10 Mei, nchi ya kumi na moja ilikuwa iishe saa tisa alasiri. Wenzake walikusanyika darajani kama kawaida yao. Maji yakiwa yamefika magotini, Hesbon aliandika kwa jina la ndugu yake, "Mimi si Levi. Levi alikufa Agosti 2016. Mimi ni kaka yake, mwalimu. Nisameheni." Kisha akampa Jepkorir simu, akageukia ukuta.

Aliyejibu ni Kagwe. Jepkorir alimsomea mumewe. "Mwalimu, tulijua tangu wiki ya kwanza. Levi hakuwahi kuandika lala salama. Alikuwa anaandika rara sarama. Wewe ulikuja na koma na nukta."

Hesbon alisema, "Muulize mbona hawakusema."

Jibu lilikuja maji yakiwa shingoni. "Tungesema, Levi angeenda."

Hesbon alilia mpaka muuguzi akaja. Keshoye Kagwe alifika hospitalini na mfuko wa machungwa, wakaonana kwa mara ya kwanza kama wao wenyewe. Mazungumzo yao ni yao.

Jumatatu nchi mpya ilifunguliwa. Hesbon aliingia kwa jina lake, Hesbon, asiye na nyumba wala kiatu. Hakuandika jina la Levi. Siku ya saba mama alikuwa ameketi kando ya kitanda, anajua hesabu ya siku kuliko sisi sote. Akauliza, "Na Levi?"

"Mama," akasema, "tumwache."

Mama alipiga ukemi ambao hakuupiga mwaka 2016. Wagonjwa wa vitanda vingine waliinuka wakidhani kuna mtu amekata roho. Hesbon alimshika mkono mpaka alipotulia, na jioni hiyo jina likafutika.

Hesbon aliishi siku kumi na sita zaidi. Alizitumia mbili kati yake, alizoweza kuzungumza, kutueleza haya, ili mtu yeyote asije akasikia kwa watu baki. Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, alituacha, Jepkorir akiwa kando yake. Alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Marehemu ni mume wa Jepkorir. Baba wa Joy na Kibiwott. Ndugu wa Lenah na Jentrix. Mkwe wa Mzee Kibiwott na Mama Jerono wa Endebess. Mjomba wa Chepkosgei, Ngige na wengine wengi. Wametangulia mbele yake baba yake, Mzee Joab Walubengo, na mdogo wake, Levi.

Mama yake, Mama Selina Nabwile, yu hai na yuko hapa. Kwa miaka tisa, aliyemuuliza ana watoto wangapi aliambiwa, "Wanne, wote wako." Juzi tukiandika karatasi hii alitusimamisha. Alitaka isomeke hivi, na tunaisoma kama alivyoisema: "Nilizaa wanne. Nimezika wawili."

Lala, Hesbon. Lala, Levi. Bwana awape nyote wawili pumziko lisilo na mwisho.