Bonifasia na Kitambaa cha Mshazari

Ndugu mliotoka Bukiriro, nanyi majirani wa hapa Runazi, tunaomba utulivu, tumsindikize kwa habari za maisha yake mtu aliyependa kuuliza kuliko kujibiwa.

Marehemu Bonifasia Niragira alizaliwa tarehe 12 Machi 1947 kijijini Bukiriro, wilaya ya Ngara, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Malongo, akasoma darasa la kwanza hadi la nne katika shule ya misheni, mwaka 1956 hadi 1959, kisha akajifunza cherehani kwa masista, ambao walimsifu kwa mkono mwepesi na kumlalamikia kwa maswali, maana hakukubali kukata kitambaa mshazari mpaka aelezwe kwa nini kikikatwa hivyo kinavutika.

Mwaka 1968 mguu wake wa kushoto ulianza kuvimba, watu wakasema amekanyaga dawa aliyotegewa njiani, na hata alipochumbiwa na Luhende wa Biharamulo, shemeji yake Bonaventura, ndugu yake Luhende, ndiye huyu anayewasomea, alipinga kwa nguvu zote, akisema uchawi hautolewi mahari. Luhende alitia pamba masikioni, wakafunga ndoa tarehe 10 Juni 1972, wakajaliwa watoto wawili, Jovina mwaka 1973 na Emilian mwaka 1975.

Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliwaleta hapa Runazi, marehemu akawa fundi wa ushirika wa kijiji, lakini mguu ulizidi kumwelemea, ngozi ikapasuka katikati ya vidole, homa ikampanda kila mwezi, na tarehe 3 Februari 1977 daktari wa hospitali alimwambia kuwa mguu usipokatwa chini ya goti utamuua, akampa miezi mitatu ajiandae. Fundi asiye na mguu wa kukanyagia cherehani atawalisha watoto nini, ndilo swali alilorudi nalo nyumbani.

Hapo akachukua futi aliyopimia suruali za wateja, akajipima unene wa mguu jioni, akapata inchi ishirini na moja, asubuhi akapata kumi na tisa, akarudia wiki nzima akidhani futi imelegea, kisha akaenda zahanati kumuuliza mganga wetu, Bwana Kombo, mtu wa Pwani aliyeujua ugonjwa huo kwa jina la matende, kwamba kama hii ni dawa ya kutegwa, mbona asubuhi inapungua, au nayo hulala usingizi. Bwana Kombo alicheka mpaka akavua miwani, kisha akakiri kuwa vidonge vyake vilikuwa havijampunguza mtu yeyote mguu, na tangu siku hiyo wakawa wanafunzi wawili wa mguu mmoja.

Waliona kwamba mguu ukioshwa kwa sabuni kila siku na kukaushwa katikati ya vidole homa inakaa mbali, ukiinuliwa juu ya gunia la mahindi unapungua, ila ukishushwa tu unarudi palepale, ndipo marehemu akafikiria kuufunga kwa vipande vya kitambaa cha marekani, na kwa kuwa fundi hupima suruali kutoka juu kwenda chini, naye akafunga kuanzia gotini, kesho yake unyayo ukaumuka kama andazi. Alilia, akafungua, akaanza upya vidoleni kwenda juu, safari hii kwa kitambaa cha mshazari kinachobana bila kukaba, na tarehe 4 Mei daktari wa hospitali alimpima mara mbili kwa mkono wake mwenyewe, akapata inchi kumi na tano, akamwita mwenzake aje aone, akalifuta jina lake kwenye orodha ya kukatwa.

Vita vilipoanza mwaka 1978, Luhende akaenda na mgambo, sabuni ikapotea madukani, marehemu akajaribu maji ya majivu, yakamchubua, akatukataza sote, akatumia maji ya kuchemsha na chumvi kidogo, huku akiwafundisha wagonjwa kumi na mmoja wa hapa na wa Nyamahanga, akiwauliza inchi kabla hajaitikia shikamoo zao.

Tarehe 9 Agosti 1983 alishikwa na nimonia, akalazwa, akafariki dunia tarehe 14 asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita.

Familia, yaani Luhende, Jovina na Emilian, inamshukuru Bwana Kombo na madaktari wote, majirani, mafundi wenzake wa ushirika, na akina mama waliomwosha jana, ambao bila kuagizwa na mtu walimfunga mguu upya, kuanzia vidoleni. Bonaventura anakiri mbele yenu kwamba alikosea.

Shemeji, unashuka kaburini na miguu yako yote miwili. Pumzika kwa amani.