Jiwe Lililorudi Safi Mno

Mbele ya kibanda cha fundi viatu kuna benchi lililolegea mguu mmoja. Ukikaa upande usiofaa, kahawa inakumwagikia mapajani. Asubuhi ile tulikuwepo wenyewe: Fundi akishona soli, Breki, dereva mstaafu asiyejua kunyamaza, Profesa, muuza magazeti anayesoma vichwa vya habari tu, na mimi msikilizaji. Mara akaja Mama Cherehani, mshonaji, mjane wa mwenzetu. Ameshika pete kama mtu aliyeokota mdudu.

— Jamani, hii si almasi yangu! Nilimpelekea sonara wa ng'ambo ya barabara atanue pete tu, vidole vimenenepa. Kanirudishia jiwe jingine.

Breki akaliinua juani.

— Shemeji, mbona linang'aa hivi? Halina hata doa. Umebahatika, nyamaza!

— Langu lina doa. Siku marehemu ananinunulia, muuzaji alituonyesha kwa lenzi: ndani, karibu na ukingo, kuna kaufa kama unyoya; ukishaujua, unauona hata kwa macho matupu. Ndiyo maana akatupunguzia. Almasi safi ndani bei yake haishikiki; nani angenipa bure? Hiki ni kioo.

— Basi ufa umepona, akasema Profesa. Almasi inajiunga yenyewe. Nimesoma.

— Umesoma kichwa cha habari, Fundi akamkata.

— Litumbukizeni kwenye kahawa! Breki akadakia. Almasi halisi haizami.

— Jiwe gani hilo lisilozama, Breki? Profesa akauliza. Leteni nyundo. Almasi haivunjiki!

Fundi kweli akanyanyua nyundo. Mama akampokonya Breki pete yake.

— Inavunjika! Haikwaruziki kirahisi, lakini nyundo inaipasua. Nyie mtaniua.

Akavuka barabara. Sisi nyuma yake, vikombe mkononi.

Mama alipomuuliza doa liko wapi, sonara akatabasamu.

— Mama, nilikusafishia tu.

— Uchafu wa juu ndio unaooshwa, baba. Ule ufa ulikuwa ndani ya jiwe. Brashi yako ilipitia wapi?

Tabasamu likafa. Sonara akatutazama tulivyojaa mlangoni, akafuta jasho.

— Labda... labda yalichanganyika.

Akafungua droo, akatoa kikaratasi kilichokunjwa, ndani mna jiwe. Mama akaomba lenzi, akalisogeza jiwe jichoni. Akaligeuza upande huu na ule.

— Unyoya huu hapa. Ni lenyewe!

Akacheka. Hakuondoka mpaka sonara alipolirudisha kwenye pete, mbele ya macho yake.

Tulirudi kwa vifijo. Breki alitembea mbele kama yeye ndiye aliyeliona, Profesa akiwatangazia wapita njia. Fundi akaagiza kahawa ya wote. Mama akanyoosha kidole, tukalitazama kwa zamu.

Muuguzi mmoja, aliyefuata kiatu chake, akauliza:

— Kumbe doa linashusha bei?

— Sana! tukajibu kwa pamoja.

— Na lingekuwa halina, mama angelitambuaje?

Profesa akajifanya anapanga magazeti. Mama Cherehani alikuwa anacheka peke yake, kidole bado kimenyooka juani.