Bi Futi Alipoirudisha Cherehani Mlangoni

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo tunamkumbuka fundi cherehani aliyetutoka Jumanne kwa maradhi, akiwa na miaka sitini na mmoja. Mlimjua kama Bi Futi, maana futi ya kupimia haikumtoka shingoni. Aliwahi kunizungushia kiunoni, akasema haijawahi kusafiri mbali hivyo. Nilinuna, lakini suruali ilinikaa.

Bi Futi alishonea mlangoni, akitazama barabara. Mteja mmoja akamtaka, akakataliwa. Basi yule bwana akaanza kumwandama mtandaoni. Matusi, vitisho, picha za duka zilizopigwa kutoka ng'ambo ya barabara. Akifungiwa akaunti moja, anafungua nyingine. Bi Futi akaihamishia cherehani chumba cha nyuma, akafunga dirisha. Akawa anashona kwa taa mchana kutwa.

Ndugu wakamsihi afute ujumbe, yaishe. Hakufuta hata mmoja. Aliunakili wote kwenye daftari lake la vipimo: tarehe, saa, akaunti. Mdogo wake ameniambia, "Dada alikuwa anaogopa, lakini anaandika."

Akaenda mahakamani, ikatolewa amri ya zuio: bwana asimwandikie tena. Tulishangilia mapema mno, wapendwa. Amri ilitaja akaunti moja tu. Siku tatu baadaye bwana akaibuka na akaunti mpya, na kejeli juu.

Bi Futi akarudi mahakamani na daftari. Akaunti arobaini na mbili, na polisi wakathibitisha zote zilitoka kwenye simu moja. Mdogo wake anayakumbuka maneno yake: "Mheshimiwa, mtu akibadilisha shati, vipimo vyake ni vilevile. Naomba azuiwe mtu, si shati."

Hakimu akaandika amri upya. Asimfuate, asimwandikie, kwa jina lolote, kwa simu yoyote, wala kwa kumtuma mtu. Narudia: kwa jina lolote. Bwana akajaribu akaunti ya arobaini na tatu. Safari hii alifungwa mwaka mzima.

Siku ya hukumu hiyo, Bi Futi na mdogo wake waliikokota cherehani mpaka mlangoni. Ikakaa pale miaka minane, na wanawake wengi wakaja kuuliza zuio linaombwaje. Aliwafundisha huku akiwapima magauni.

Kwa mdogo wake na familia nzima, poleni sana. Leo asubuhi nimepita dukani. Cherehani iko mlangoni, na mdogo mtu anashona.

Nasi tujiulize tuliwahi kumshauri nani afute, yaishe. Mtu akikuletea simu yenye vitisho, mpe kalamu, kisha kaa naye akiandika.