Boksi la Ndani Liliachwa Wazi

Nilikuwepo. Wengine watakusimulia ya kusikia, mimi nilikaa ncha ya benchi, msumari ukinichoma paja, na halikunipita neno. Benchi lenyewe liko kwa Mama Birika muuza kahawa, nje ya duka la fundi redio. Asubuhi ile Mabano, mwandishi wa programu, alifika macho mekundu. Kampuni yao ndiyo iliyotengeneza kengele za wodi: mgonjwa anabonyeza kitandani, taa inawaka mezani kwa muuguzi. Juzi bibi mmoja alibonyeza mpaka kidole kikachoka, taa haikuwaka. Akajaribu kushuka mwenyewe, akavunjika nyonga. Sasa mchana bosi angemfukuza kazi shemeji yake Mabano, kaka wa mkewe, ambaye kosa lake ni kwenda kuzifunga kengele ukutani. Aliyeandika programu, kila herufi, ni Mabano. Hilo wakati ule alilijua yeye peke yake.

– Panya hao, alianza Fundi Redio. Panya wa hospitali wanakula waya kama tambi.

– Wewe kila kitu panya, akamkata Katoni, mpakiaji wa ghalani. Redio ya shangazi yangu ulisema panya, kumbe betri umeweka kichwa chini.

– Basi wapinzani wa kampuni yao kibiashara. Wamepitisha mtu na sumaku mfukoni.

– Sumaku ya kumkomoa bibi kizee?

– Au setilaiti! Siku hizi wanazima vitu kutoka juu, wewe unapakia maboksi tu, utajuaje?

– Hebu mwacheni msomi aseme, alisema Mama Birika.

Mabano alichukua kikombe kidogo, akakitumbukiza ndani ya kikubwa.

– Programu ya vitandani haizungumzi na ile ya mezani ana kwa ana. Inatuma ujumbe. Ndani ya ujumbe kuna boksi la wodi, ndani yake boksi la kila chumba, ndani ya chumba vitanda. Kuna maktaba ya C, lugha tunayoandikia programu, inayokupakilia maboksi hayo.

– Maktaba ya vitabu?

– Ya kazi walizokwisha kuandika wenzako, unaziazima. Unaiambia: fungua boksi la nje, fungua la ndani, weka vitu, funga la ndani, ndipo ufunge la nje. Ukiacha moja wazi, inaukataa ujumbe wote.

– Na liliachwa?

– Kitanda cha yule bibi kilikuwa hakijaandikiwa jina. Programu ilipokosa jina ikarukia chumba kinachofuata, boksi la ndani ikaliacha wazi.

– Kwa hiyo kengele ya bibi ikafa?

– Ya wodi nzima.

Katoni alisonya.

– Mimi nikiacha katoni wazi, msimamizi ananifokea mpaka barabarani wanasikia. Hiyo maktaba yenu bubu?

– Si bubu. Kila mara ilirudisha namba hasi. Maana yake: ujumbe huu haufai.

– Ikasomwa na nani?

– Hapakuwa na mstari wa kuisoma.

– Basi shemeji yako mzembe! Fundi Redio alipiga benchi. Afukuzwe! Mkeo atalia, atanyamaza.

Mabano, alikuja kuniambia baadaye, alikuwa amelifanyia mazoezi neno lake tangu alfajiri, mbele ya kioo, povu la dawa ya meno mdomoni: ni mimi. Maneno mawili tu. Yalifika kwenye meno, yakakaa.

Pembeni mwanamke mmoja alikuwa akisubiri chupa yake ijazwe kahawa, mfuko wa dawa begani.

– Samahanini, kaka zangu. Huyo bibi ni mama yangu. Mimi mambo ya maboksi siyajui. Huo mstari wa kuisoma hiyo namba, ulikuwa wa nani kuuandika?

Fundi Redio alikumbuka ana kazi dukani. Katoni aliangalia viatu vyake kana kwamba kavinunua sasa hivi. Mabano alinyoosha kikombe.

– Mama Birika, niongezee.

– Imekwisha, mwanangu.

Akainuka. Ofisini ni kulia. Yeye alikata kushoto, njia ya nyumbani, kwa mke ambaye kaka yake alikuwa akisubiri mlangoni kwa bosi.

Yote hayo niliyaona kwa macho yangu haya. Moja tu nimelitia mwenyewe, kwa kumwonea haya Mabano: kahawa haikuisha. Mama Birika alimjazia kikombe mpaka ukingoni, Mabano akakiacha, kikapoa pale benchini, na yule mwanamke akikitazama.